Kiti Alichokiacha Baba Mdogo

9 Februari

Baba Mdogo, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa, ingawa nakujua: hata hii pengine unaisoma ukizunguka meza. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, naye anasema hilo ni goti la kiburi. Baba yuko kwenye chumba chake cha kushonea kutwa. Unaukumbuka ukuta uliojengwa baada ya kesi, ule uliopita katikati ya dirisha? Nusu ya dirisha iko kwetu na nusu iko kwa jirani, kwa hiyo mwanga unaingia kwa kujibana. Baba anaufuata na cherehani yake. Asubuhi yuko pembeni mwa kabati, mchana yuko karibu na mlango, jioni yuko nje kabisa barazani. Wateja wakija huuliza, "Fundi leo tutampata wapi?" na chumba chenyewe ni kimoja.

Mahakamani kwangu paa linavuja. Karani wangu huhamisha ndoo kati ya shahidi mmoja na mwingine. Juzi wakili alisimama kuweka pingamizi, nikamwambia, "Subiri kidogo, ndoo ndiyo iliyotangulia." Alicheka, lakini shauri hakushinda.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu. Tume ya mahakama imeniita. Jina langu liko miongoni mwa wanaopendekezwa kuwa majaji, na jibu langu linatakiwa kabla Mei haijaisha. Sijamwambia Baba. Nikilala nimekubali, nikiamka nimekataa. Nimekuwa mtu wa kufungua mlango wa friji na kusahau nilichofuata.

Nina swali moja, Baba Mdogo, nalo ulijibu kama ulivyozoea kuwataka mashahidi wajibu. Kwa nini uliondoka kwenye kiti cha ujaji, na miaka ya kustaafu ilikuwa bado? Shangazi anasema ulifukuzwa, ila anasema kwa heshima, kwa sauti ya chini. Mama anasema ulichoka. Baba nikikutaja tu, cherehani inaongeza mwendo.

Simu ninayo, na wewe unayo, lakini uliniambia ikilia unajisikia kama mshtakiwa aliyeitwa jina. Basi nakusubiri kwa karatasi.

Ni mimi, Bi Maswali wako.


2 Machi

Bi Maswali, mwanangu, marahaba.

Barua yako ilinikuta nimesimama, umekisia vyema. Tumehama tena ofisi. Sasa niko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na chini yangu kuna kijana mwenye mashine ya kukatia chuma ambaye hapumziki mpaka nianze kuzungumza jambo lisilo la siri. Wiki iliyopita mteja wangu alikuwa ananieleza sababu za kutaka kuachana na mkewe. Mashine ikinguruma, na yeye anapaza sauti. Ghafla mashine ikazima. Sentensi aliyokuwa nayo mdomoni ikaenda mpaka mtaa wa pili. Mama yako mdogo anasema hii ni ofisi ya tatu katika muda mfupi, na kwamba mimi sitafuti ofisi, natafuta mahali pa kutembeza miguu. Mazulia ya nyumbani ameyakunja yote. Anasema nayachosha.

Sasa habari yako. Nimefurahi mno, nikashuka dukani kununua misumari nisiyoihitaji, ili nipate mtu wa kumwambia.

Utakapokaa pale, ngoja nikueleze mambo ambayo hakuna atakayekueleza. Kwanza, meza. Meza ya jaji iwe tupu, isipokuwa jalada moja, lile linalosikilizwa. Watu wanatazama meza yako kabla ya kukutazama wewe. Wakiona majalada yamerundikana wanajua uko haraka, na mtu akijua uko haraka anaacha kueleza. Pili, usiandike huku shahidi analia. Weka kalamu chini. Atakapomaliza, machozi yatakuwa yameshasema, nawe utaandika maneno.

Tatu, na hili ndilo kubwa: hukumu anaandikiwa aliyeshindwa. Aliyeshinda haisomi. Anasoma mstari wa mwisho, anakunja, anakwenda zake akipiga mluzi. Aliyeshindwa ndiye anayeirudia neno kwa neno, jioni, mbele ya watoto wake, akitafuta ni wapi alipodharauliwa. Mwandikie huyo. Asipokubaliana nawe ni haki yake, lakini aone kwamba ulimsikia. Mimi nilikuwa najiuliza kila ukurasa: huyu atakayeumia, hapa ameelewa? Nilizifuta kurasa nyingi kwa ajili ya swali hilo, na mawakili wakalalamika kwamba nachelewa.

Kuhusu kuondoka kwangu, hayo ni ya zamani. Barua yangu ya kujiuzulu ilikuwa na sentensi mbili, na zote zilikuwa za kweli. Sikufukuzwa, mwambie Shangazi aendelee kunisema kwa sauti ya chini, nimeizoea. Wenzangu walinung'unika kwamba si vizuri jaji wa zamani kusimama kama wakili mbele ya majaji aliowafundisha yeye mwenyewe. Sheria haikunikataza, macho yao ndiyo yaliyonikataza. Nikayazoea na hayo.

Kaka hajambo? Bado anapiga mluzi anaposhona kola?

Baba yako Mdogo.


20 Machi

Shikamoo, Baba Mdogo.

Huku goti limehamia upande wa pili. Paa linavuja vilevile.

Kaka yako hapigi mluzi siku hizi. Tena sasa haongei. Barua ya Tume niliiacha kwenye mkoba, nikautua mkoba mezani, nikasahau kwamba humu ndani hakuna kitu kinachokaa mezani bila Mama kukisogeza. Ilianguka miguuni pa Baba. Akaisoma yote, pole pole, kama anavyotazama kitambaa kwenye mwanga kabla hajakikata.

"Umeitwa," akasema.

"Nimeitwa, Baba."

"Uwe kama yule Mheshimiwa wako."

"Niwe jaji, Baba. Kuwa kama mtu sijasema."

"Mmoja alitosha."

Mama akajaribu: "Lakini baba nanii, mtoto amesoma, hii ni heshima ya..." Akamkata: "Heshima nimeshaiona. Nikatoka nayo mpaka barabarani." Akaenda zake kwenye cherehani.

Tangu hapo ananisalimia kwa kupitia mtu wa kati. "Mama nanii, mwambie hakimu chai inapoa." Na hakimu mwenyewe nimekaa mbele yake, mkono wangu uko kwenye kikombe! Jana Mama hakuwepo, akamwambia paka.

Nacheka ninapokuandikia, ila roho yangu iko juu. Nyumba hii nimeona inavyoweza kumfuta mtu. Picha yako ya siku ya kuapishwa iko nyuma ya kabati imegeuzwa ukutani. Niliiona nilipokuwa natafuta mkasi. Nikikubali kiti, nani atageuzwa ukutani baada yako?

Nimekuuliza swali, ukanifundisha kupanga meza. Nashukuru, lakini umenipiga chenga, na mimi nimewahi kuwaonya watu kwa majibu kama hayo. Umesema hukumu anaandikiwa aliyeshindwa. Baba alishindwa kesi ya kiwanja. Wewe uliwahi kumwandikia nini?

Bi Maswali.


27 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Najua barua yako ina zaidi ya mwezi. Haikupotea. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na nimekwenda nayo mahakamani mara nyingi kuliko majalada yangu. Mama yako mdogo hajambo, amepanda maua kwenye makopo ya rangi niliyompatia kutoka dukani chini. Kijana wa mashine ameoa, kwa hiyo tumepata siku mbili za kusikilizana.

Haya. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nisipofuata utaratibu nitasimama katikati ya sentensi niende dirishani.

Kesi ya jirani, ya kudai kipande cha kiwanja cha Kaka, ilifunguliwa katika mahakama niliyokuwa nakaa mimi. Karani aliniletea jalada pamoja na mengine. Niliona jina la mdaiwa kwenye jalada, nikaliweka kando kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Kanuni yake unaijua: jaji hasikilizi shauri la nduguye. Anajitoa, na jalada linapelekwa kwa mwingine. Nilijitoa siku hiyohiyo. Akaletwa jaji kutoka kituo kingine, mtu safi, asiyemjua mtu hapa. Zaidi ya hapo sikumwambia yeyote lolote, si karani, si mke wangu, si Kaka. Jaji anayezungumzia jalada, hata kusema tu kwamba hanalo, ameshalizungumzia. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

Kaka akashindwa. Hukumu niliisoma baadaye, kama mtu mwingine yeyote. Ilikuwa sahihi. Mimi nisingeandika tofauti, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Unajua tulikuwa tunacheza drafti kila Jumamosi, kwa vizibo vya soda, tangu tukiwa vijana. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikasema ana hasira za kushindwa, zitapoa. Hazikupoa. Nikawa nakaa kitini, natazama mabenchi ya nyuma, na kila aliyeingia na kofia nilimdhania yeye. Jaji anayetazama mlango hasikilizi shahidi. Nilijiona nawauliza watu jambo walilokwisha kulijibu.

Basi nikajiuzulu ili niwe wakili tena. Nilitaka kumsimamia rufaa yake, bure, kwa miguu yangu yote miwili. Nilikwenda kule chumbani kwake na joho langu la uwakili ndani ya mfuko, lile alilonishonea yeye nilipoanza kazi. Ukuta ulikuwa unajengwa, vumbi limejaa kwenye vitambaa. Nikasimama. Nikamwambia, "Kaka, nimeshuka. Nipe rufaa yako."

Hakuinua uso. Mguu uko kwenye cherehani. Akaniambia, "Nguo za kurekebisha ni kwa miadi, Mheshimiwa."

Nilisubiri. Alishona mguu mzima wa suruali nikiwa nimesimama pale. Nikaondoka na mfuko wangu, na muda wa rufaa ukapita.

Tangu siku hiyo nimewasimamia watu wengi wenye viwanja vyenye ukuta. Gazeti moja liliwahi kuniita wakili asiyekaa chini. Waliona ni sifa.

Umepata jibu lako. Na huu ndio ushauri wangu: kubali kiti. Kaka alikasirika kwa sababu alishindwa kesi. Wewe hujamshinda kwa lolote. Kanuni niliyoifuata ni sahihi, na ikirudi kesho nitaifuata tena.

Baba yako Mdogo.


9 Mei

Baba Mdogo, shikamoo.

Nisamehe, leo naruka habari za goti.

Nilikwenda na barua yako mpaka kwa Baba. Sikumpa, niliishika tu. Alikuwa karibu na mlango, kwa hiyo ilikuwa mchana. Nikamwambia, "Baba, mimi ni hakimu. Nisikilize kama hakimu, kisha uninunie kama mwanao. Baba Mdogo asingeweza kuisikiliza kesi yako. Sheria inakataza."

Akasimamisha cherehani. Muda mrefu sijaisikia imesimama yenyewe.

"Nani alitaka aisikilize?" akasema. Moja kwa moja kwangu, bila mtu wa kati. "Unanidhania mjinga? Hata refa hachezeshi timu ya nduguye."

"Sasa ni hukumu?"

"Hukumu ilinieleza vizuri tu. Kipande kilikuwa cha jirani, marehemu babu yako alipima kwa macho. Nilikwenda nikijua naweza kushindwa."

"Basi ni nini, Baba?"

Akachukua chaki, akachora mstari kwenye kitambaa, akaufuta. "Nilijua mdogo wangu ni mkali wa sheria. Nikasema, kama haruhusiwi, ataniambia. Jumamosi tulicheza drafti, hakuniambia. Jumamosi nyingine, hakuniambia. Nikaona kumbe wakubwa wanaruhusiwa. Nikashona koti la kijivu. Si la kumshawishi! La kusimama mbele yake. Niseme wazi nilitamani anione nimesimama vizuri hapo alipofanyia kazi maisha yake yote. Mlango ukafunguliwa, watu wote tukainuka, akaingia mtu nisiyemjua. Mimi nikageuka kutazama mlango, nikidhani amechelewa. Jirani akaniambia kwa sauti, 'Fundi, nduguyo amekukimbia.' Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikajua pamoja na ukumbi."

Yeye akaendelea, sasa kama anayejisemea: "Angeniambia tu, 'Kaka, siku ile hutanikuta.' Asingetaja kesi. Asingetaja kitu. Halafu anakuja na mfuko, anasema nimeshuka, nipe rufaa. Rufaa ya nini? Nilikuwa sidai kiwanja."

Baba Mdogo, hakuikasirikia hukumu hata kidogo. Miaka yote hii mmegombana, kila mtu na kesi yake. Wewe uliacha kiti kwa ajili ya rufaa ambayo mwenyewe hakuitaka.

Nimekuandikia haya, sijui kwa kukukasirikia au kwa kukuhurumia. Siku zinakwisha, Tume imenikumbusha, nami nazunguka ofisi yangu kama wewe. Karani ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwanao.


18 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa.

Mama yako mdogo aliingia akanikuta hivyo, akaniuliza kama naumwa.

Kwa siku kadhaa nimezipekua kanuni, zile za zamani na zile zilizorekebishwa. Nimeangalia na maelezo ya chini. Zinasema jaji asizungumze na mdaawa, yaani mwenye kesi, kuhusu shauri lake. Hakuna mahali zinaposema asimwambie kaka yake hutanikuta. Nilikuwa na hakika katazo hilo lipo. Ningeapa kwamba lipo. Nimewafundisha vijana wengi hivyo, na baadhi yao leo wana viti.

Nakumbuka ile Jumamosi ya mwisho. Alinifunga mara zote, akanitania, "Mheshimiwa leo akili iko wapi?" Nikaangalia vizibo.

Koti la kijivu bado analo?

Usimwambie kitu kwa niaba yangu. Yatakuwa maneno ya mtu wa kati, nayo yamemtosha. Muulize jambo moja tu, kama mteja: siku hizi anapokea nguo za kurekebisha bila miadi? Joho limechanika kwapani, upande wa mkono wa kulia.

Na kwako wewe. Yale niliyokuandikia kuhusu meza na kalamu, yafuate, ni mazuri. Lakini ongeza hili juu ya hayo, kabla ya yote. Kaa na watu wako uwaambie mapema mambo ambayo hutakuwa unawaambia. Waijue mipaka yake wakiwa wamekaa nyumbani, wasiijulie ukumbini. Hilo hakunifundisha mtu, wala mimi sikumfundisha yeyote. Wewe utakuwa wa kwanza.

Baba yako Mdogo.


30 Mei

Baba Mdogo, shikamoo.

Goti la Mama limepona, au limekubali kushindwa. Mvua imepungua, ndoo imepumzishwa. Nilikubali. Barua ya Tume imeondoka leo asubuhi.

Kabla sijaituma nilimfuata Baba barazani, ilikuwa jioni. Niliketi kwenye kile kigoda cha wateja. Nikamwambia, "Baba, nakubali kiti. Kuna mambo sitakuwa nakuambia. Sitakuambia nani kamshitaki nani, wala nafikiri nini. Lakini siku shauri la mtu wetu litakapofika, nitakuja hapa mwenyewe nikuambie hutanikuta. Sitaongeza neno. Usiniulize, na usiende ukumbini ukidhani nipo."

Alishona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno. Akatoa futi shingoni, akasema, "Simama."

"Kuna nini?"

"Simama wima, hakimu. Utasimamaje mbele ya watu umepinda hivyo?"

Akanipima mabega. Akanipima mgongo, akarudia, akanung'unika kwamba nimerithi mgongo wako. Alipofika mkononi akasita, futi limetulia kwenye kiwiko changu.

"Joho la uwakili nililishona mimi," akasema. "Lile la ujaji walimpa lililoshonwa na watu wasiomjua. Nililiona kwenye picha, mikono inamvuta. Muulize huyo mtu, alipokuwa anaandika kutwa, lilimkera wapi? Kiwikoni au kwenye kifundo cha mkono? Nisije nikakosea na hili."

Nikamwambia, "Nitamwandikia leo." Kisha, nikijifanya nimekumbuka tu: "Naye ana swali. Anauliza kama unapokea nguo za kurekebisha bila miadi. Limechanika kwapani."

"Kwapa la kulia," akasema, wala hakuuliza. "Alikuwa anaunyoosha mkono ule mno akibishana. Nilimwambia tangu mwanzo."

Akazungusha futi mkononi, akalivaa shingoni. Nilidhani amemaliza, nikainuka. Akaniita. Akaniambia Jumamosi hana kazi nyingi, vizibo viko palepale kwenye kopo. Na kuhusu ile mikono ya joho, amesema jibu lake usiliandike kwenye barua. Uje unyooshe mkono mwenyewe, aone.

Mwanao.